Wabelgiji Hawajui Jibini

Honoré aliteremka Kitshanga, kwenye milima ya Masisi, kutoka juu ya pikipiki iliyobeba watu watatu, naye alikuwa wa tatu. Mfukoni hakuwa na kitu isipokuwa kitana na kadi ya mwanafunzi iliyokwisha muda wake. Kadi ilisema kwamba yeye ni msanii mwanafunzi wa théâtre, sanaa ya kuigiza. Kitana kilisema kwamba mtu huyu, hata akifukuzwa, hufukuzwa akiwa amechana nywele.

Na kwa kweli alikuwa amefukuzwa. Kule Goma alikuwa ameuza tikiti za tamasha la kwaya ambayo haikuwepo, na walionunua tikiti walikasirika hata wakaungana, wakaja kumtafuta mtaani huku wakiimba jina lake, sauti nne, vizuri kabisa. Honoré, akiwa amechuchumaa nyuma ya ukuta, alisikia uchungu mmoja tu: kwamba kwaya ile hakuwahi kuiunda mwenyewe.

Sasa alikuwa ameketi penye kituo cha pikipiki, anajiuliza chakula cha mchana kitatoka upande gani, ndipo alipomwona Mama Emérita. Mama huyu alikuwa mjane wa kilimani, mwenye shamba la maharage, ng'ombe mmoja, na sauti iliyoongoza wanawake wote wa paroisse, parokia ya pale. Alikuwa amebeba kichwani gurudumu la jibini, ile fromage yetu ya Masisi, limefungwa ndani ya kitenge kisafi.

"Mama, ile fromage iko ya kuuza?" Honoré aliuliza.

"Hapana, kaka. Niko naenda ku Kirotshe. Mukwe wangu alizala, iko ku hôpital."

"Na yote hii ni ya mutu moja?"

"Sasa nifike mikono mitupu? Batasema ku Masisi tulikufa."

Honoré alisogea kidogo kwenye benchi.

"Na kama ungekuwa unaenda kuona batu batatu?"

"Ningebeba tatu."

"Na kama bako mbali sana?"

"Kama iko mbali, nabeba ya mukubwa," alisema Mama Emérita, akipanda pikipiki. "Mutu wa mbali hasahaue."

Pikipiki ikaondoka na mama na jibini yake. Honoré akabaki pale, masikio yamemsimama. Mbele yake kulikuwa na nchi nzima ya watu wasioweza kwenda ugenini bila kitu mkononi. Kilichokosekana ni ugeni tu, na ugeni ni kitu ambacho mtu mwenye mdomo anaweza kukitengeneza.

Tusimhukumu kabla ya kumjua. Honoré alikuwa mtu wa Itebero, kule ndani ya msitu wa Walikale, ambako ng'ombe huonekana tu kwenye picha za vitabu vya shule. Miaka ile alipokuwa anasoma théâtre Goma, alikuja bwana mmoja mwenye tai, akaahidi kupeleka wasanii wanafunzi Ulaya kucheza michezo kwa kujitolea. Honoré alirudi kwao kuaga. Itebero wakamfanyia sala, wakamvisha koti la mjomba, wakamtwika nyama ya kukausha na mawese na mikeka, vyote vya kuwapa wenyeji wa kule. Alipofika Goma na mzigo wake, yule bwana wa tai aliuchukua ili aupime uzito wa ndege. Mpaka leo anaupima.

Tangu hapo Honoré hakuonekana Itebero tena. Mtu aliyeagwa kwenda Ulaya hawezi kurudi akitokea Goma. Mama yake alikuwa amewatangazia watu wote kwamba mtoto yuko kwa Wazungu, na Honoré, ambaye alidanganya kila mtu aliyekutana naye, hakuweza kumfanya mama yake awe mwongo. Alichotaka ni kimoja: kuingia Itebero siku moja akiwa na kitu mkononi, kitu cha kumfanya mama atembee nacho nyumba kwa nyumba. Mkono mtupu haulambwi, walisema wahenga, kisha wakanyamaza bila kutuambia mwenye mkono huo afanye nini.

Jumapili baada ya misa, katekista alimpa nafasi ya kutoa tangazo. Honoré alipita mbele, nywele zimechanwa.

"Batu ya Mungu," alisema, "mimi ni metteur en scène, mwenye kuongoza michezo. Nimetumwa kuchagua ba étudiants artistes benye bataenda Ulaya, ku Belgique, kucheza théâtre ya bénévolat."

"Bénévolat njo nini?" mtu aliuliza kutoka nyuma.

"Njo kazi ya kujitolea. Haulipe, haulipwe."

"Hata feza ya dossier, ya makaratasi?"

"Hata ya dossier."

Kanisa likanong'ona. Sisi watu wa Masisi tumeliwa na kila aina ya mdomo. Tumelipia mbolea iliyobaki njiani, tumelipia kazi za mashirika ambayo hata jina halikuwa lao, na kwa masomo hayo yote tumejifunza jambo moja tu: mwizi huomba mbele. Huyu hakuomba. Honoré alilijua somo hilo, akatulia, akangoja desturi ifanye kazi yake.

Mama Emérita alisimama. Alikuwa amerudi kutoka Kirotshe jana yake.

"Na batoto bakifika kule, batalala kwa nani?"

"Mu ma famille, Mama. Ba famille ya bénévoles."

"Basi hawo ba famille, tutabapelekea nini?"

Honoré aliinua mikono yote miwili. Alisema hapana, hakuna haja. Alisema hapana, mzigo utakuwa mzito. Akakataa mara ya tatu, kama Petro, na jogoo hakuwika kwa sababu ilikuwa imeshafika saa sita ya mchana.

"Bon," alisema mwishoni, kama mtu aliyeshindwa. "Kama munalazimisha, iko kintu moja yenye Babelgiji hawana. Ni fromage. Hawajue fromage. Banaisikiaka tu."

Hapa lazima tumtetee. Jibini aliijua Goma tu, juu ya meza za wauzaji kando ya barabara, na kila muuzaji alikuwa akimwambia ni ya Masisi. Aliamini kwa moyo wake wote kwamba ni kitu kilichozaliwa katika milima hii, kama ukungu wake.

Kisha mtu mmoja akakohoa. Jirani yake naye akakohoa, na mara benchi zima la wanawake likashikwa na kikohozi, vichwa chini, vitenge midomoni. Honoré aliwaonea huruma. Baridi ya huku juu si ya kuchezea.

Mama Emérita alijifuta macho. "Masikini," alisema. "Belgique yote?"

"Yote, Mama."

"Basi tutabapelekea."

Na wakaleta. Kila asubuhi ilipanda jibini moja, mbili, kutoka vilima vya karibu na vya mbali, kila moja na alama ya mwenyewe iliyokwaruzwa pembeni. Zikapangwa juu ya mbao ndani ya store ya paroisse, chumba cha mawe chenye giza na baridi. Ufunguo akapewa Honoré, akauvaa shingoni. Mama Emérita, aliyempa chumba na chakula nyumbani kwake, alimpa pia jina la Maître, yaani mwalimu, na maagizo.

"Kila asubuhi unazigeuza, Maître. Ya chini inakuya juu. Na unapangusa na maji ya chumvi. Kama hapana, zitafika ku Belgique zimeoza."

Honoré hakutaka mali yake ioze. Akawa anaamka kabla ya wengine, anageuza, anapangusa, anapuliza vidole kwa baridi. Ilikuwa kazi ya kwanza ya mikono aliyoifanya tangu atoke Itebero, na alijisifu kwamba mwizi mwenye bidii kama yeye hajazaliwa.

Kwa kuwa safari lazima ionekane ni safari, alianza kuwatayarisha wasanii. Walikuwa vijana waliomaliza shule na kukosa mahali pa kwenda. Aliyewaongoza alikuwa Gentille, binti wa Mama Emérita, mwenye diplôme yake sandukuni na jembe mkononi. Aliyekuwa wa mwisho alikuwa Trésor, mrefu, mwenye sauti ndogo hata akisalimia unadhani anaomba msamaha.

Siku ya kwanza aliwafundisha sura ya pasipoti: usicheke, usinune, uonekane kama mtu ambaye hajawahi kuwaza kitu. Siku ya pili aliwafundisha baridi ya Ulaya. Aliwasimamisha kwenye ukungu wa alfajiri bila sweta, ili wazoee. Wao, waliozaliwa ndani ya ukungu ule, walisimama wakipiga hadithi. Mtu wa msitu ndiye aliyetetemeka meno mpaka Mama Emérita akaja na blanketi na kikombe cha uji, akamwongoza mpaka jikoni. Zoezi la baridi halikurudiwa.

Kisha akawafundisha consul, yule mtu wa kutoa visa. Yeye alikaa nyuma ya meza, Gentille akasimama mbele yake.

"Mademoiselle, utarudi kwenu kweli?"

"Mama yangu iko na ng'ombe. Nisiporudi, nani atamukamua?"

"Hapana. Hapo ufikiri kwanza, njo ujibu. Consul anapenda mutu mwenye anateseka kidogo."

"Na kama niko nadanganya, nimuangalie wapi, Maître?"

"Mu macho. Siku zote mu macho. Muongo mubaya anaangaliaka chini. Ule wa muzuri anakuangalia mu macho na anakuhurumia."

Gentille alimwangalia machoni. Alimhurumia kwa muda mrefu, bila kupepesa.

"Namna hii?"

"Parfait," alisema Honoré, naye akajiona mwalimu wa kweli.

Na hapo ndipo ugonjwa ulipomwingia. Alikuwa amepanga mazoezi ya uongo ya siku chache, kiasi cha store kujaa. Lakini siku moja alimwambia Trésor acheze chochote anachokijua. Trésor alijifunga kitenge, akawa bibi kizee anayemtafuta mbuzi wake ndani ya kambi ya wakimbizi, hema kwa hema, akisalimia kila familia kwa heshima kabla ya kuchungulia kama mbuzi amepikwa. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Kisha bibi akaacha kumwita mbuzi, akaanza kuita majina ya watoto wake, kwa sauti ile ile ndogo, na hakuna aliyecheka tena. Honoré alijikuta analia. Alisahau kwamba ana ufunguo shingoni. Usiku hakulala vizuri. Alikuwa anawaza mahali Trésor angesimama ili mwanga umpate usoni.

Basi ikawa lazima pawe na mchezo kamili, na lazima uonyeshwe mbele ya watu kabla ya safari. Gentille alileta wazo.

"Maître, tucheze story ya mutu mwenye alikuya ku mulima, akadanganya batu, akakusanya vyakula yabo."

Masikio ya Honoré yakapata joto. "Hiyo story mumeitoa wapi?"

"Mu vichwa tu. Huku kwetu hatujaonaka mutu wa vile."

"Na inaishaka namna gani?"

"Benye mali banakuya moja kwa moja. Kila moja anachukua yake, anaenda. Mwizi anabaki pale, analia."

Mjanja ndani ya Honoré alisema: kimbia. Msanii ndani ya Honoré alisema: huo ni mwisho mzuri sana. Walibishana kidogo, na kwa bahati mbaya msanii alikuwa na sauti kubwa zaidi. Trésor alijaribiwa kuwa mwizi lakini aliiba kwa aibu mno, akiomba radhi kila mara. Honoré alisimama kumwonyesha jinsi mwizi anavyotembea, anavyotabasamu, anavyokataa zawadi ili apewe kubwa zaidi. Vijana walipiga makofi. Nafasi ile hakumrudishia mtu tena.

Alhamisi alifika Rukundo, dereva wa Fuso, mtu wake wa Goma aliyekubaliana naye kubeba mali. Alichungulia store, akaona mbao zimejaa mpaka dari, akasugua mikono.

"Iko muzuri. Tupakie sasa, tuende."

"Ngojea dimanche, misa ikiisha," alisema Honoré. "Dimanche iko première."

"Première ya nini?"

"Ya mchezo yetu, mara ya kwanza mbele ya batu. Mwisho haijakamata bado. Gentille anatoka haraka sana ku upande wa kushoto."

Rukundo alimtazama jinsi anavyotazama injini inayotoa mlio asioujua.

"Honoré, ndugu yangu. Tuko naiba, ao tuko nacheza?"

"Tuko natayarisha."

"Wewe uko mugonjwa."

"Dimanche, Rukundo. Batu bakiisha kupiga makofi tu, tunapakia. Nakuapia."

Kulibaki tatizo moja, na lilikuwa la kisanii. Jibini za mchezo zilikuwa zimefinyangwa kwa udongo, na zilionekana ni udongo. Jumamosi Gentille aliinua moja, akaigeuza, akaiweka chini.

"Maître, mutu wa nyuma ataona kama tuko nagombania mawe."

Honoré alirudi nyuma hatua kadhaa, akafumba jicho moja. Ilikuwa kweli. Mchezo wote, machozi yote, kwa ajili ya mawe.

"Lazima fromage ya kweli," alisema. Alisema yeye mwenyewe, kwa mdomo wake.

"Tutoe mbili?" aliuliza Gentille.

"Mbili ya nini? Nani atalia juu ya mwizi wa fromage mbili? Toeni zote."

Na akilini mwake mjanja naye alitikisa kichwa, ameridhika: zikishatolewa nje, kupakia itakuwa rahisi. Hivyo wote wawili, mjanja na msanii, walikubaliana kwa mara ya kwanza, na siku wanapokubaliana hawa wawili ndiyo siku ya kuogopa. Jumapili baada ya misa alivua ufunguo shingoni, akafungua store kwa mkono wake.

Uwanja wa paroisse ulijaa. Watu walishuka kutoka vilima vyote, wengine walipanda kutoka kambini na watoto mgongoni. Fuso ya Rukundo ilisimama kando, nyuma wazi. Juu ya jukwaa la mbao jibini zilipangwa kama ukuta wa nyumba ya manjano, na mbele ya ukuta huo Honoré akaiba kuliko alivyowahi kuiba.

Alitabasamu, na wanawake wakaguna. Alikataa zawadi mara tatu, na uwanja mzima ukahesabu pamoja naye kwa sauti. Alipotangaza kwamba watu wa mbali hawajui jibini, kicheko kilipanda hata ndege wakaruka kutoka kwenye mikaratusi. Hakujua kama sentensi ile inachekesha kiasi hicho. Aliihifadhi moyoni kwa matumizi ya baadaye.

Kisha ukaja mwisho. Gentille akapanda jukwaani, akainua jibini moja.

"Hii iko ya mama yangu," alisema, akashuka nayo upande wa kushoto. Safari hii alitoka polepole, vizuri sana, na Honoré akapiga magoti akimsihi, moyo ukiwa na furaha ya mwalimu.

Akapanda Trésor, akachukua ya kwao. Akapanda Aurélie, akapanda Jean-Claude, wasanii wenzao. Halafu akapanda mzee ambaye hakuwa kwenye mchezo. Alitazama alama pembeni mwa jibini, akachukua, akashuka. Nyuma yake akapanda mama mwenye mtoto, kisha mwingine, kisha foleni. Honoré alishtuka, lakini ni mshtuko wa raha. Mwaka wa kwanza kule Goma walikuwa wamesoma kwamba kilele cha théâtre ni pale watazamaji wanapoingia wenyewe ndani ya mchezo. Alikuwa hajawahi kukiona. Alilia machozi ya kweli, akashika pindo za vitenge, akaomba, na kadiri alivyoomba ndivyo walivyopiga makofi.

Mama Emérita alifika karibu na mwisho, akajitwika magurudumu mawili.

"Polepole, Mama," Honoré alinong'ona chini ya kilio chake. "Beba kama iko nzito."

"Iko nzito," alisema Mama Emérita.

Kama alivyojipangia mwenyewe, Honoré aliinamisha kichwa mpaka kwenye mbao, akakaa hivyo, akisikiliza wimbo wa wasanii ukipita katikati ya watu na kuelekea njia ya vilimani. Makofi yalikuwa makubwa, kisha madogo, kisha yakaisha. Aliinua kichwa ili wote wainame pamoja mbele ya watazamaji. Jukwaani hapakuwa na mtu. Hapakuwa na jibini. Na watazamaji nao walikuwa wameshageuka, wanakwenda zao, jibini zinapanda na kushuka juu ya vichwa katika vijia vyote, kila moja ikielekea kwao.

Aliwangoja wasanii warudi kuinama. Alikuwa amewafundisha kurudi.

Rukundo alikuja akiwa na kamba za kufungia mzigo.

"Fromage iko wapi?"

"Imetoka ku upande wa kushoto," alisema Honoré.

Rukundo alipakia mifuko ya muuza makaa mmoja na abiria wawili, akawasha Fuso, akaenda zake Goma.

Honoré alikuwa bado ameketi pembeni mwa jukwaa, kitana mkononi bila kukitumia, wakati Gentille na mama yake waliporudi. Waliketi mmoja kulia, mmoja kushoto.

"Mulijua tangu wakati gani?" aliuliza.

"Tangu mu kanisa," alisema Mama Emérita. "Maître, hii fromage nani alituletea hapa? Ni ba padri Babelgiji. Bao njo balifundisha baba zetu. Baba yangu alikuwa anabakamulia ng'ombe."

Honoré alikumbuka kikohozi cha benchi lile, akafunika uso.

"Ku Itebero hatuna ng'ombe," alisema ndani ya viganja.

"Tuliona."

"Sasa juu ya nini mulileta zote zile?"

"Kila mwaka tunazilazaka mu ile store, juu iko baridi. Zinaivaka mule. Kazi iko kuzigeuza, na hakuna mwenye anapenda kuamka mapema." Mama Emérita alimpapasa goti. "Mwaka huu zimeiva muzuri kabisa."

"Na siye tulikuwa tunakaa tu tangu masomo kuisha," alisema Gentille. "Mutu anakuya kufundisha théâtre, haombe kintu. Mama akasema tumuwekee fromage karibu, asikimbie. Na mafunzo ilikuwa ya kweli, Maître. Surtout, kupita zote, ile ya kuangalia mutu mu macho."

"Bénévolat, ulisema njo nini?" aliuliza Mama Emérita.

"Haulipe, haulipwe."

"Basi njo ulifanya. Mungu akubariki."

Honoré alisikia aibu, aibu nzito ya kumkalisha mtu. Alikuwa amekuja kuwapeleka watu kwenye safari ya uongo ya kujitolea, na msafiri wa kweli, wa pekee, alikuwa yeye. Lakini chini ya aibu ile kulikuwa na kitu kingine kilichokataa kunyamaza: mwisho ulikuwa umekamata. Ulikuwa umekamata kupita alivyowahi kuota.

"Sikutaka kurudi kwetu mikono mitupu," alisema. Na kwa kuwa hakuwa na kitu kingine cha kupoteza, akawaeleza yote: bwana wa tai, nyama, mawese, mikeka, koti la mjomba, na mama anayesema mtoto yuko Ulaya.

Mama Emérita alisikiliza mpaka mwisho. Kisha alisimama, akapanda kwake bila haraka, na akarudi na gurudumu moja la jibini, kubwa, limefungwa ndani ya kitenge kisafi.

"Hii iko ya ng'ombe wangu mwenyewe. Mupelekee mama yako."

"Mama, nilikuwa nakuibia."

"Najua. Lakini ulikuwa mugeni wangu. Ukifika kwenu bila kintu, batasema ku Masisi tulikufa."

Kesho yake walimsindikiza, maana mgeni haachwi aende peke yake. Gentille alibeba jibini mpaka barabarani, Trésor alianzisha wimbo kwa sauti ambayo sasa ilisikika hadi kilima cha pili, na wengine wakaingia, sauti nne. Ilikuwa mara ya pili kwaya kumtoa Honoré mjini. Hii angalau alikuwa ameiunda mwenyewe.

Alikwenda kwa pikipiki hadi pikipiki zilipokataa njia, kisha kwa miguu, jibini kichwani, akiigeuza kila asubuhi upande wa chini ukawa juu, na msitu ukamfunika. Penye barrière, kizuizi cha njiani, walimuuliza amebeba nini, akawaambia ukweli, wakamwonea huruma wakamwachia apite. Alipoingia Itebero watoto walikimbia mbele wakitangaza kwamba Honoré ametoka Ulaya. Watu walitoka majumbani. Hakuwa na sanduku wala koti. Alikuwa na kitu kimoja mkononi, na kilikuwa kinanuka.

Mama yake alifungua kitenge, akakata kipande, akakitafuna muda mrefu, uwanja mzima ukimtazama.

"Njo hii banakulaka kule?"

"Njo hii, mama."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Masikini," alisema mama, akaanza kuwagawia majirani. Alikwenda mkono kwa mkono, akisema ni ya mtoto wake, ametoka nayo mbali, na kila aliyeonja alikunja uso na kusema asante. Kipande cha mwisho alikirudisha kwa Honoré.

"Na wewe, ulikuwa unafanya nini kule?"

"Théâtre, mama. Nilikuwa najitolea."

Mama alitazama chini. Viatu vya mwanawe vilikuwa na udongo mweusi wa milima, ambao haujawahi kutoka Ulaya. Aliviona, naye Honoré aliona kwamba ameviona. Kisha mama aliinua uso, akamwangalia machoni, moja kwa moja, bila kupepesa, na akamhurumia.

"Karibu, mwanangu," alisema, kwa sauti ya kusikiwa na majirani wote. "Ulaya iko mbali sana."

Honoré aliujua mtazamo ule. Alikuwa ameufundisha mwezi mzima, na hakuwahi kumpata mwanafunzi aliyeuweza namna hiyo.